Kabla ya Kuufunga Mguu, Jua ni Mshipa Upi Unaougua

Maji ya moto, bandeji na mto wa kuinulia mguu havikosekani katika nyumba yenye mgonjwa wa miguu. Kila kimoja kina mguu kinaoufaa na mguu kinaouangamiza. Bandeji inayokausha kidonda cha jirani yako kwa miezi mitatu inaweza kumpotezea mgonjwa mwingine vidole ndani ya siku chache. Kinachoamua ni aina ya mshipa wa damu ulioharibika ndani ya mguu ule.

Ninawaandikia watu wa Msasani, kata ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, na wote wanaoishi kwenye mazingira kama hayo: miteremko kila upande, mvua karibu mwaka mzima, baridi kali ya Juni na Julai, na watu wanaoshinda wamesimama shambani kwenye chai, migomba na maparachichi, au sokoni nyuma ya meza. Ninawaandikia pia wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya, kwa sababu mara nyingi wao ndio wa kwanza kuuona mguu, kabla daktari bingwa hajasikia habari zake. Neno langu kwao wote ni moja: tiba ya mishipa ya damu huanza kwa kuutambua mshipa wenyewe, na ukishatambuliwa, kazi kubwa inahamia nyumbani, ambako itafanywa kila siku kwa miaka.

Mishipa ya aina tatu

Ateri huchukua damu kutoka moyoni na kuifikisha hadi ncha za vidole. Kuta zake zikijaa mafuta na kukakamaa kwa sababu ya presha, kisukari, lehemu nyingi au tumbaku, njia inakuwa nyembamba, na nyama ya mguu inaanza kukosa chakula na hewa.

Vena huirudisha damu moyoni. Damu ya miguuni ina mlima wa kupanda, na kinachoisukuma ni misuli ya shavu la mguu kila tunapopiga hatua. Ndani ya vena mna vali ndogondogo zinazoizuia damu isiteremke tena. Vali hizo zikilegea, damu inatuama, vena zinavimba na kujipinda chini ya ngozi, mguu unajaa jioni, na ngozi iliyo karibu na kifundo inazidi weusi, inakuwa ngumu, kisha siku moja inapasuka.

Mishipa ya limfu hukusanya maji yanayobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Ikiharibika, tunaona matende. Wengi wanajua matende yanayoletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Yapo pia matende ya nyanda za juu yasiyo na mbu wala minyoo, yaitwayo podokoniosi. Huwapata watu wanaotembea peku kwa miaka mingi kwenye udongo mwekundu uliotokana na volkano, mahali penye mvua nyingi, kama ilivyo Ethiopia, Rwanda na baadhi ya maeneo ya Uganda. Chembechembe za udongo huo hupenya kwenye nyayo na kuharibu mishipa ya limfu polepole. Ardhi ya Rungwe nayo ni ya volkano na mvua yake ni nyingi, kwa hiyo kinga ya huko tuichukue kama yetu: mtoto avae viatu tangu siku anayoanza kufuatana na wakubwa shambani, na kila jioni miguu ioshwe kwa sabuni na kukaushwa.

Wagonjwa wawili, vidonda viwili

Tuseme wapo majirani wawili. Wa kwanza ni mama wa miaka 55, amezaa watoto saba, anauza ndizi huku amesimama kutwa. Juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ana kidonda kipana kinachotoa majimaji, na mguu wote umevimba. Wa pili ni mzee wa miaka 70, mvutaji sigara tangu ujana wake. Ana kidonda kidogo tu kwenye ncha ya kidole, kikavu, cheusi katikati. Ukiviangalia kwa macho, kidonda cha mama kinatisha zaidi. Lakini anayejua mishipa atamkimbiza mzee kwanza.

Maswali machache yanawatenganisha. Muulize mgonjwa maumivu yanakuja lini. Mgonjwa wa ateri atakwambia shavu la mguu linambana akipanda mlima, akisimama dakika chache linaachia, akianza tena kutembea linabana tena. Mgonjwa wa vena atasema mguu unakuwa mzito jioni baada ya kusimama, na akilala unapungua. Kisha muulize usiku analalaje. Aliyepungukiwa sana na damu ya ateri huamka na maumivu ya vidole na kuuning'iniza mguu pembeni mwa kitanda, kwa kuwa ukishuka chini hupata damu kidogo. Mwenye vena hutulia anapouinua. Mahali pa kidonda napo panasema: cha vena hukaa juu ya kifundo, kipana, kibichi, kisicho na kina, cha ateri hukaa kwenye vidole, kisigino au ukingo wa unyayo, kikavu na chenye maumivu makali.

Baada ya maswali, tumia mkono. Gusa miguu yote miwili kwa nyuma ya kiganja chako na ulinganishe joto. Tafuta mapigo sehemu mbili: juu ya mgongo wa unyayo, katikati, na nyuma ya mfupa uliotokeza upande wa ndani wa kifundo. Bonyeza ncha ya kidole cha mguu halafu uachie, uhesabu sekunde hadi rangi irudi. Zikizidi tatu, damu inafika kwa shida. Kwenye ngozi yetu nyeusi, weupe wa kukosa damu hauonekani kwenye goko; utazame kwenye kucha na kwenye wayo.

Palipo na kifaa cha dopla, kipimo cha uhakika ni kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Gawanya ile ya juu ya kifundoni kwa ile ya juu ya mkononi. Mtu ambaye mkono wake unasoma 140 na kifundo 91 anapata 0.65. Kwa kawaida jibu huwa kati ya 1.0 na 1.4. Likiwa 0.90 au chini yake, ateri za mguu zina ugonjwa. Likiwa chini ya 0.5, mguu haufungwi bandeji ya kubana hata kidogo. Kati ya 0.5 na 0.8, uamuzi ni wa mtaalamu. Angalizo kwa watoa huduma: mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi anaweza kuonyesha zaidi ya 1.4 kwa sababu ateri zake zimekakamaa na hazibonyei, hivyo namba kubwa kwake isichukuliwe kuwa habari njema. Mahali pasipo na dopla, kanuni ni fupi: mapigo ya mguuni yasiposhikika vizuri, usifunge bandeji ya kubana, andika rufaa.

Mguu unaokosa damu

Mzee wetu wa mfano anahitaji mambo manne. La kwanza ni kuacha tumbaku kabisa, ya kuvuta, ya kutafuna na ya kunusa. Sigara moja hubana ateri ambazo tayari ni nyembamba, na hakuna kidonge kinachoweza kuifidia. Watoto wake wasimwachie vita hivyo peke yake. Nyumba nzima iache kumtuma dukani kununua na iache kuvuta mbele yake.

La pili ni dawa za kila siku. Mgonjwa mwenye dalili za ateri za miguu kwa kawaida hupewa aspirini kidogo, miligramu 75 hadi 100, au klopidogreli, pamoja na dawa ya kundi la statini inayopunguza lehemu na kutuliza kuta za ateri, na dawa za presha au kisukari ikiwa anavyo. Mwenye vidonda vya tumbo aseme kabla ya kuanzishiwa aspirini. Wengi huacha dawa hizi mguu unapotulia. Wajue kwamba mwenye ateri mbovu za miguuni mara nyingi anazo mbovu za moyoni na za kichwani pia; kinachowaua wengi wao ni mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa hiyo kidonge cha kila siku kinaulinda moyo na ubongo, na mguu nao unanufaika.

La tatu ni kutembea, maadamu hana kidonda wala maumivu ya usiku. Atembee hadi shavu la mguu liume kwa kiasi, asimame lipoe, aendelee tena, kwa jumla ya dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki. Matokeo yaangaliwe baada ya wiki 12. Tukuyu miteremko ni mingi, hivyo achague kipande cha barabara kilicho tambarare, hata kama itambidi akirudie mara kadhaa. Mlima utamkatisha tamaa mapema.

La nne ni kuulinda mguu dhidi ya moto. Hapa ninasema kwa mkazo kwa sababu ya baridi yetu. Mguu usio na damu ya kutosha ukikandwa kwa maji ya moto au ukinyooshwa karibu na jiko la mkaa, ngozi yake inaungua kwa joto ambalo mguu mzima ungelivumilia, na jeraha hilo halina damu ya kuliponya. Mzee apashwe joto mwili mzima kwa blanketi, sweta na soksi za sufu zisizobana. Mguu wake usiinuliwe juu ya mito, na usifungwe bandeji ya kuvutika.

Akiwa na kidonda, au maumivu yanayomwamsha usiku kwa zaidi ya wiki mbili, mguu uko hatarini na anahitaji kufika kwa wataalamu: kwanza Hospitali ya Wilaya ya Makandana au Igogwe, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, umbali wa kilomita 70 hivi kwa barabara, na ikibidi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili. Ateri iliyoziba huweza kupanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa ndani ya mshipa, au kuundiwa njia ya pembeni kwa upasuaji.

Kuna hali moja isiyosubiri kupambazuka. Mguu ukiuma ghafla mno, ukawa wa baridi, ukapauka, mapigo yakapotea, kisha ukaingia ganzi na vidole vikashindwa kusogea, donge la damu limeziba ateri. Misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Usiukande, usiuchue, usiuinue. Mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, na mtoa huduma atakayempokea apige simu Mbeya kabla ya kuanza kujaza makaratasi.

Mguu unaoshindwa kurudisha damu

Kwa mama wa ndizi, maelekezo yanageuka. Kwanza hakikisha uvimbe ni wa mishipa. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, hasa akihema akilala au mkojo ukiwa umepungua, huenda chanzo ni moyo, figo au ini, na kuifunga miguu kunaweza kumzidishia mzigo. Huyo apimwe kwanza.

Mapigo yakiwa mazuri na tatizo likiwa ni vena, dawa yake kuu ni kubanwa. Marhamu na sindano za antibayotiki hazitakifunga kidonda cha vena ikiwa mguu unaendelea kujaa maji. Bandeji ya kuvutika hufungwa asubuhi kabla hajashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujajaa. Anza kwenye mashina ya vidole, zungusha unyayo, funika kisigino, panda hadi chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Unyayo uwe umekunjwa kama wa mtu aliyesimama. Mbano uwe mkubwa zaidi kwenye kifundo na upungue kadiri unavyopanda. Vidole vibaki wazi ili vionekane. Vikipoa, vikiingia ganzi au vikibadilika rangi, fungua mara moja. Vipande vya mpira wa tairi na kamba za nguo havifai, kwa sababu hubana mahali pamoja na kukata njia ya damu. Bandeji ikishafuliwa mara nyingi na kulegea, imekwisha kazi, ibadilishwe.

Muuguzi amfunge mara ya kwanza, kisha amwache binti au mume wa mama huyo afunge mbele yake hadi apatie. Dakika hizo kumi zina faida kuliko karatasi ya maelekezo.

Alale mguu ukiwa juu ya mito, juu kidogo ya usawa wa moyo, nusu saa mara mbili au tatu kwa siku kama shughuli zinaruhusu. Sokoni asisimame mahali pamoja. Ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka mara ishirini kila baada ya muda, atembee hadi meza ya mwenzake na kurudi. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kifunikwe kwa shashi au kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi. Unga wa kapsuli, masizi, mafuta ya taa na spiriti visikaribie. Kidonda kikifunga, soksi za kubana zinachukua nafasi ya bandeji, na hizo atazivaa kwa miaka. Wanaorudiwa na kidonda mara nyingi ni wale walioziweka kabatini baada ya kupona. Kidonda kisichopungua ukubwa baada ya miezi mitatu ya kufungwa vizuri kichukuliwe kipande kidogo cha nyama na kupimwa, maana kidonda cha miaka mingi kinaweza kugeuka saratani.

Mguu mmoja uliovimba ghafla

Damu ikiganda ndani ya vena kubwa za mguu, mguu mmoja huvimba kwa siku moja au mbili, shavu lake likawa gumu, la moto na lenye maumivu. Walio hatarini ni mjamzito, mama aliyejifungua wiki chache zilizopita, aliyefanyiwa upasuaji, aliyelazwa muda mrefu, mwenye saratani, na aliyekaa kitako safari ndefu kama ya basi la Dar es Salaam.

Mguu wa namna hii usichuliwe. Najua jinsi ilivyo desturi kumwita mama mtu mzima mwenye mkono mzuri aje achue, na nia yake huwa njema. Lakini donge likibanduka husafiri hadi kwenye mapafu, na mgonjwa anaweza kufa dakika chache baada ya kushindwa kupumua. Kikohozi cha damu, kifua kinachochoma anapovuta pumzi au kuhema ghafla ni dalili kwamba donge limeshasafiri. Kwa mjamzito, mzazi na kichanga wa siku chache, namba 115 ya mfumo wa m-mama haina malipo na hutumika kuita usafiri wa dharura.

Tiba ni dawa za kuzuia damu isigande zaidi: heparini kwa sindano, warfarini au rivaroksabani kwa vidonge, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Mjamzito hapewi vidonge hivyo, hutumia heparini. Anayemeza warfarini lazima apimwe damu mara kwa mara, na kipimo chake cha kuganda kiwe kati ya 2 na 3. Asimeze dawa nyingine, hata diklofenaki ya dukani au mitishamba, bila kumwambia daktari, na akiona ufizi unavuja au choo ni cheusi arudi hospitali siku hiyo. Kinga ya donge hilo ni nyepesi: mzazi asilazwe kitandani siku nzima kwa jina la kupumzishwa. Ainuke, atembee ndani ya nyumba, anywe maji ya kutosha.

Mguu wa kisukari

Kisukari kinahitaji nafasi yake kwa sababu huharibu ateri na mishipa ya fahamu kwa pamoja. Mgonjwa anapungukiwa na damu huku hasikii maumivu yanayopaswa kumwonya. Anakanyaga msumari asubuhi na kuugundua jioni anapovua kiatu. Utafiti wa madaktari wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini bila kuamka.

Upo upimaji wa ganzi usiohitaji kifaa, ulioanzia mji wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa afumbe macho. Gusa polepole kwa ncha ya kidole chako, kwa sekunde moja au mbili, ncha za kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu, bila kubonyeza. Ni sehemu sita kwa jumla. Akishindwa kuhisi mbili au zaidi, miguu yake imeingia ganzi na inahitaji ulinzi wa kila siku.

Ulinzi huo ni huu. Kila jioni miguu itazamwe, juu, chini na katikati ya vidole; asiyeweza kuinama atumie kioo au amwite mjukuu mwenye macho mazuri. Iliyolowa kutwa ndani ya buti za mvua ikaushwe hadi katikati ya vidole, kwa sababu unyevu huzaa fangasi na fangasi hufungulia njia vijidudu. Mafuta yapakwe juu na kwenye visigino, yasipakwe katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyooka, na sugu zisichongwe kwa wembe. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, na kandambili zinazompenya kati ya vidole si kiatu chake. Kabla ya kuvaa, aingize mkono ndani ya kiatu apapase kokoto au msumari. Usiku chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, kwa mbu na kwa panya. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine. Na jiko la mkaa likae mbali.

Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyetumia miaka mingi kutibu na kuandika kuhusu miguu ya wagonjwa wa kisukari nchini, alikuwa miongoni mwa walioongoza mpango wa mafunzo wa miaka ya 2000 uliomfundisha daktari na muuguzi pamoja, ili mmoja akihamishwa au akiwa na foleni, mwingine aweze kuutazama mguu. Zahanati yoyote inaweza kuiga wazo hilo kwa kanuni moja isiyo na gharama: kila mgonjwa wa kisukari avue viatu kabla hajaketi mbele ya mtoa huduma.

Kinachoharibu mishipa yote

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama robo yao wana presha ya juu, na takriban 9 kati ya kila 100 wana kisukari. Presha huhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0. Yote mawili hukaa mwilini kwa miaka bila kuuma popote.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kununua mashine moja ya presha ya kufunga kwenye mkono wa juu, ikazunguka kwa wanachama. Anayepimwa akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, na asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Namba ziandikwe kwenye daftari lenye tarehe, na daftari hilo ndilo liende kliniki. Dawa inunuliwe ikiwa imebaki ya wiki moja. Ukikosa fedha ya dawa zote, mwambie daktari, akupangie zilizo nafuu zaidi. Usikate kidonge nusu kwa uamuzi wako.

Chakula cha Rungwe kinatosha kuilinda mishipa. Maharage, mboga za majani, parachichi na dagaa wa Ziwa Nyasa ni rafiki wa ateri. Ndizi, viazi na magimbi si haramu kwa mgonjwa wa kisukari. Viwe robo ya sahani, na mboga ijaze nusu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa kila mtu, ikihesabiwa pamoja na ile ya mchuzi, na kikopo cha chumvi kiondolewe mezani. Chai ya maziwa tunayoipenda haina ubaya; sukari inayomiminwa ndani yake ndiyo ipunguzwe.

Kuhusu hofu ya kukatwa mguu

Wengi hawaendi hospitali kwa kuogopa kukatwa mguu. Hofu hiyo ninaiheshimu, kwa sababu mguu kwa mkulima ni jembe lake la pili. Lakini mara nyingi kinachoamua mguu kukatwa ni wiki zilizopotea kabla ya kufika. Kidole cheusi kikavu kikionekana mapema, hasara huweza kuishia kwenye kidole chenyewe. Kikiachwa kioze, kikatoa harufu, na uvimbe ukapanda mguuni pamoja na homa, daktari anabaki kuchagua kati ya mguu na uhai. Na anayeambiwa mguu ukatwe ana haki ya kuuliza kama mtiririko wa damu umepimwa na kama njia ya kuifungua ateri imefikiriwa. Akishakatwa, mguu uliobaki upewe ulinzi maradufu kuanzia siku hiyo, kwa kuwa ugonjwa uliouharibu wa kwanza ungalimo mwilini.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

Chukueni maswali haya kwenye daftari, na mgonjwa aende na ndugu atakayesaidia kukumbuka majibu. Ni mshipa upi unaougua: ateri, vena, limfu, au zaidi ya mmoja? Mapigo ya mguu yameshikwa, na kifundo kimelinganishwa na mkono? Mguu wangu uinuliwe au ushushwe? Unafaa kufungwa, na nani atatufundisha kufunga? Presha na sukari yangu vinatakiwa viwe chini ya namba gani? Dawa ipi nitaimeza maisha yote, na ipi ina mwisho? Ni dalili gani ikitokea nirudi siku hiyohiyo bila kungoja tarehe? Mtoa huduma mwema hatachukizwa na maswali haya. Yatamkumbusha kumvua mgonjwa viatu na kuushika mguu wake. Ukitoka nje ya mlango na jibu la swali la kwanza likiwa bado halijapatikana, geuka, rudi ndani, uliulize tena, na bandeji isiguse mguu wako hadi ujibiwe.